Gari Lisilo na Dereva Likiua, Nani Hubeba Dhima?

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba wake. Ama baad.

Tulikuwa Kate, katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa, tumeketi na jamaa baada ya swala ya Isha. Darsa lilikuwa limekwisha na watu wanajiandaa kutawanyika. Kijana mmoja akatoa simu yake akatuonyesha video aliyotumiwa na ndugu yake anayefanya kazi Abu Dhabi: teksi inakwenda barabarani, usukani unazunguka wenyewe, na kiti cha dereva kitupu. Akauliza: "Ustadhi, gari hili likimgonga mtu akafa, dia analipa nani?"

Kabla hatujafungua kinywa, mzee mmoja alijibu: "Hilo ni kama mnyama tu, mwanangu. Na Mtume (s.a.w.) alikwishatufundisha kuwa jeraha la mnyama halina fidia." Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Hapo mwalimu mmoja wa shule akasema kuwa jambo hilo wataalamu wamekwishalimaliza, kwani watu mamilioni duniani wameulizwa gari limuue nani na limwache nani, na majibu yamechapishwa.

Usiku ule tuliahidi jibu la maandishi, na makala haya ndiyo jibu lenyewe. Majibu yale mawili, la mzee na la mwalimu, yote yanahitaji kuhakikiwa. La kwanza limeshika hadithi sahihi na kuiweka mahali pasipo pake. La pili limeshika utafiti mkubwa ambao, kwa maoni yetu, umeuliza swali lisilo la kwanza. Baina ya majibu hayo mawili, haki ya maiti na ya yatima wake inaweza kupotea.

JE, GARI NI MNYAMA?

Hadithi aliyoitaja mzee imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), na maana yake ni kuwa anachojeruhi mnyama hakidaiwi. Lakini mafaqihi hawakuiacha bila mipaka. Waliifahamu kwa mnyama aliye peke yake, asiye na mtu wa kumwongoza, na ambaye mwenyewe hakuzembea katika kumchunga. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), katika kitabu chake Minhaj al-Talibin, ambacho wanafunzi wa madhehebu yetu ya Shafi wanakijua vyema, ameeleza kuwa mtu aliye pamoja na mnyama atadhamini anachoharibu mnyama huyo, kiwe roho au mali, iwe usiku au mchana. Na mafaqihi wakaongeza kuwa mtu mwingine akimchoma mnyama kwa fimbo bila ya idhini ya aliyempanda, naye akarusha teke akaua, dhamana ni ya aliyemchoma.

Qur'ani nayo imetutajia kisa cha Daudi na Sulaymani (a.s.) walipohukumu juu ya shamba lililoingiliwa na kondoo usiku (Sura ya 21, aya ya 78 na 79). Ingekuwa uharibifu wa mnyama haudaiwi kwa hali yoyote, pasingekuwa na hukumu ya kutoa.

Wafipa wenye maksai wanalijua hili hata bila ya kusoma Minhaj. Maksai wanaokokota mkokoteni wakikanyaga mahindi ya jirani, mwenye mkokoteni hasemi kuwa jeraha la mnyama halina fidia. Huenda kwa jirani, wakakaa, wakapatana. Kwa hiyo hata tukikubali kwamba gari hili ni mnyama, bado tutauliza: aliyekuwa naye ni nani?

Zaidi ya hayo, kipimo chenyewe kina kasoro. Wanazuoni wa usuli hukiita kiyasi penye tofauti. Mnyama ameumbwa na Allah (s.w.t.) na ana nafsi inayotaka na kukataa; hushtuka, huogopa, hukasirika, na mwenyewe hakumtia tabia hiyo. Gari linalojiendesha halina nafsi. Lina kamera, rada na vifaa vya miale ya leza vinavyopima umbali, na kompyuta iliyofundishwa kwa mifano mamilioni ili itambue gari jingine, mti, mtu na taa. Hii ndiyo akili mnemba. Ingawa inaitwa akili, si ile akili ambayo kwayo mtu anakuwa mukallaf. Kila inapogeuka au kushika breki kuna mtu aliyeamua ifundishwe nini, iache nini, na iruhusiwe lini kuingia barabarani.

UTAFITI ULIOULIZA SWALI LA PILI KABLA YA LA KWANZA

Sasa tuje kwa aliyoyasema mwalimu. Utafiti alioukusudia unaitwa Moral Machine, yaani mashine ya maadili. Uliendeshwa na Edmond Awad, Iyad Rahwan na wenzao kutoka chuo cha MIT nchini Marekani, na matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Oktoba 2018. Walikusanya maamuzi yapatayo milioni 40 kupitia intaneti, kutoka nchi na maeneo 233, kwa lugha 10. Kiswahili hakikuwamo.

Kila mshiriki alionyeshwa gari lisilo na dereva ambalo breki zake zimekatika. Likienda mbele litaua hawa, likikata kona litaua wale. Achague. Wa kuchaguliwa walikuwa wa namna nyingi: mtoto, mzee, mjamzito, daktari, mkurugenzi wa kampuni, asiye na makazi, mhalifu, mbwa na paka. Watu walio wengi walipendelea kumwokoa binadamu kuliko mnyama, wengi kuliko wachache, na vijana kuliko wazee. Mwenye cheo aliokolewa zaidi kuliko asiye na makazi, na mhalifu akawekwa chini ya mbwa.

Tuwe waadilifu. Watafiti wale hawakudai kuwa matokeo yao yawe sheria. Walitaka kujua watu wanaona nini, na walikiri kuwa walioshiriki walikuwa watu wa intaneti, wengi wao vijana wa kiume wenye elimu. Faida yake ni kuwa imetuonyesha yaliyomo vifuani mwa watu. Waligundua pia kuwa katika nchi ambazo pengo baina ya tajiri na maskini ni kubwa, washiriki walikuwa wepesi zaidi kumpendelea mwenye cheo. Hilo ni funzo kwetu, kwa kuwa linaonyesha jinsi dhulma iliyozoeleka inavyoweza kuingia katika mizani ya roho.

Hitilafu yetu nao ni katika swali lenyewe. Swali la nani auawe linachukulia kwamba roho zina bei zilizopishana na kwamba kazi iliyobaki ni kuzipanga. Sharia haikuanzia hapo. Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Nasai, amefundisha kuwa damu za Waislamu zinalingana. Mafaqihi hawakupandisha dia ya mkurugenzi wala kuishusha ya asiye na makazi. Na aya ya 70 ya Sura ya 17 imewakirimu wanaadamu kwa uanadamu wao, si kwa mishahara yao.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), aliligusa jambo linalofanana na hili zaidi ya miaka 900 iliyopita. Katika al-Mustasfa amezungumzia watu waliomo katika jahazi linalozama, ambao wakimtupa mmoja wao baharini watasalimika waliobaki. Akasema haijuzu, kwa kuwa huo si umma mzima unaoangamia bali ni watu wa idadi maalumu, na hakuna sababu ya kisharia ya kumteua huyu badala ya yule. Na mafaqihi wanasema kuwa mtu aliyelazimishwa kwa upanga amuue mwenzake asiye na hatia, hana ruhusa ya kuinunua roho yake kwa roho ya mwenzake, kwani yake si bora kuliko ya mwingine.

Huenda msomaji akasema: na Yunus (a.s.)? Si walipiga kura katika jahazi, na kura ikamwangukia? Ndiyo, kisa kimo katika Sura ya 37. Wanazuoni wana majibu yao kuhusu sharia za waliotutangulia, na hatutaingia humo. Inatosha kutambua kuwa kura ni kinyume cha utafiti huu. Kura haiangalii umri, cheo wala mavazi. Hupigwa kwa sababu hakuna mwenye haki ya kuchagua. Anayepanga daktari juu na ombaomba chini amekwishachagua.

Wala hili si wazo la Waislamu peke yao. Tume ya maadili iliyoundwa na serikali ya Ujerumani ilitoa kanuni zake mwezi Juni 2017, ikakataza gari kupangiwa kubagua watu kwa umri, jinsia au hali ya mwili wakati ajali haiepukiki.

VIFO VILIVYOTOKEA KWELI

Kuna ila nyingine, na kwa faqihi ni kubwa zaidi. Ajali ya Moral Machine ni ya kubuni. Tukiangalia ajali zilizotokea kweli, hatukuti gari lililokaa likapima mtoto na mzee. Tunakuta gari lililoshindwa kumtambua mtu, na watu waliojua udhaifu huo au waliopaswa kuujua.

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua mama mwenye umri wa miaka 49 aliyekuwa akivuka barabara huku anakokota baiskeli. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilitoa matokeo yake Novemba 2019. Gari lilikuwa limemwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Lakini mara lilimhesabu kuwa gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila lilipobadili hesabu lilisahau alikotoka na hivyo kutojua anakoelekea. Programu haikutegemea kuwa mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko. Breki za dharura zilizowekwa na kiwanda cha Volvo zilizimwa kila kompyuta ya Uber ilipokuwa ikiendesha. Na mwanamke aliyeajiriwa kusimamia gari alikuwa akitazama simu yake.

Hukumu ilikuwaje? Mwezi Machi 2019 mwendesha mashtaka alisema haoni msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Msimamizi alishtakiwa, na mwaka 2023 akakiri kosa na kuwekwa chini ya uangalizi kwa miaka 3. Kampuni ilikwishapatana na familia nje ya mahakama. Hatumtetei msimamizi, amana aliipokea akaizembea. Lakini tazama mizani ilivyolala: aliyezima breki hakuguswa na jinai, na aliyekodiwa kukaa kitini ndiye aliyebeba.

Ndugu msomaji, mama anayevuka barabara akikokota baiskeli, mahali pasipo na kivuko, usiku. Kwa wahandisi wale huyo alikuwa mtu asiyetegemewa. Katika vijiji vya Ufipa huyo ndiye kila mtu. Baiskeli hukokotwa ikiwa na gunia la mahindi, watoto hutembea kandokando kwenda shule, maksai hurudi jioni pamoja na mkokoteni, na mistari myeupe ya kuvukia haipo.

Ajali ya pili ilitokea San Francisco tarehe 2 Oktoba 2023. Mtu aliyekuwa akiendesha gari la kawaida alimgonga mwanamke, akamrusha mbele ya teksi isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise, kisha akakimbia. Teksi nayo ilimgonga, ikasimama, kisha ikaanza tena kwenda pembeni ya barabara huku mwanamke yuko chini yake, ikamburuta kiasi cha mita 6. Haikutambua kuwa yuko pale. Tarehe 24 Oktoba jimbo la California lilisitisha kibali cha kampuni hiyo, likisema kuwa kampuni ilificha habari. Mwaka 2024 Cruise ilikiri kutoa ripoti ya uongo na kutozwa faini ya dola 500,000, na Desemba ya mwaka huo General Motors, iliyokuwa ikiimiliki, ilitangaza kuachana na biashara ya teksi hizo. Ni kampuni hiyo hiyo ambayo mwaka 2021 Dubai ilitia saini nayo makubaliano ya kuleta teksi zake katika mji ule.

NANI MTENDAJI, NANI MSABABISHAJI?

Fiqhi inayo mlango wa kuingilia katika mambo haya, nao ni tofauti baina ya mubashir, yaani mtendaji wa moja kwa moja, na mutasabbib, yaani msababishaji. Majalla ya dola ya Uthmaniya, iliyotolewa baina ya 1869 na 1876 kwa madhehebu ya Hanafi, imelipanga vizuri katika vifungu vyake vya 90 hadi 94. Wakikutana mtendaji na msababishaji, hukumu humwendea mtendaji. Mtendaji hudhamini hata kama hakukusudia. Msababishaji hadhamini isipokuwa amevuka mpaka.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 8 kilichofanyika Bandar Seri Begawan, Brunei, mwezi Juni 1993, lilitoa azimio nambari 71 kuhusu ajali za barabarani. Lilieleza kuwa kufuata kanuni za barabara zisizopingana na sharia ni wajibu. Likasema kuwa dereva huwajibika kwa madhara anayowasababishia wengine, isipokuwa ajali itokane na nguvu asiyoweza kuizuia wala kuiepuka, au kitendo cha aliyedhurika chenye athari kubwa, au kosa la mtu mwingine, na hapo huyo mwingine ndiye atakayebeba. Na zikichangia sababu mbili, kila mmoja hubeba kwa kadiri ya mchango wake.

Azimio hili ni jema, lakini liliandikwa kwa kumfikiria dereva. Dereva akitoweka, nani atasimama mahali pake? Kuna wanaosema kuwa kampuni ni msababishaji tu. Mkisema hivyo, mjue mnachokisema. Maana yake mjane wa Kate atatakiwa athibitishe kuwa mwandishi wa programu aliyeko ng'ambo amevuka mpaka, tena ndani ya hesabu ambazo hata hakimu hawezi kuzisoma. Haki iliyowekewa sharti lisilowezekana ni haki iliyokwishapotea.

Maoni yetu, na tunayatoa kama ijtihadi inayokubali kupingwa, ni kuwa anayeliendesha gari hilo kibiashara na kulitia barabarani ahesabiwe mahali pa mtendaji. Baina ya uamuzi wake na kifo hakuna mwenye hiari aliyeingia kati. Gari ni chombo. Aliyerusha mshale kisha akafumba macho hawezi kusema kuwa mshale ulichagua wenyewe. Mtengenezaji aliyejua kasoro akainyamazia ni mshirika wake kwa kadiri ya kosa lake. Abiria aliyeketi nyuma ni kama abiria wa jahazi, si nahodha. Mwenye gari aliyepuuza matengenezo ana fungu lake. Na mtu akiingilia kompyuta ya gari kwa wizi akaligeuza, huyo ndiye aliyemchoma mnyama kwa fimbo.

Kwa kipimo hiki, aliyemgonga kwanza mwanamke wa San Francisco hubeba alichokitenda, na aliyeiendesha teksi hubeba kuburuta, kwa kuwa gari lilikuwa limekwishasimama kisha likaanza kitendo kipya. Na katika kifo cha Tempe, msimamizi na kampuni wangegawana dhima, wala asingetolewa mmoja awe kafara ya mwenzake.

Wapo watakaoleta mfano wa upepo. Mafaqihi wa Shafi wamesema kuwa majahazi mawili yakigongana kwa kuzidiwa na upepo, bila ya uzembe wa mabaharia, hawadhamini kwa kauli yenye nguvu zaidi. Kampuni nazo husema kuwa mashine ilifanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Lakini upepo haukutengenezwa na nahodha wala hakuuza tiketi kwa ajili yake. Mashine inayojulikana kuwa hutenda yasiyotazamiwa, na bado ikaachiwa kwenye njia ya watu, iko karibu zaidi na kisima kilichochimbwa barabarani pasipo idhini, ambacho mchimbaji hudhamini anayetumbukia.

Wengine wamependekeza mashine yenyewe ipewe utu wa kisheria. Bunge la Ulaya, katika azimio la Februari 2017, liliomba wazo hilo lichunguzwe. Tunajua kuwa wakfu na Baitul Mali huweza kudaiwa, lakini nyuma yake yupo msimamizi anayeulizwa. Aya ya 92 ya Sura ya 4 imeweka mambo mawili kwa aliyeua Muislamu kwa makosa: dia kwa jamaa wa maiti, na kafara ya kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Dia huenda ikalipwa kutoka katika mfuko wowote. Lakini gari halifungi miezi miwili. Toba inamtaka mtu, na sharia haikukubali kuua kukawa jambo lisilo na mtu wa kutubia.

NANI ATHIBITISHE USALAMA?

Tusifahamike kuwa tunapinga elimu hii. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2023 kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya 9 katika kila 10 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi huuliwa na dereva mwenye usingizi, ulevi au haraka. Mashine hailewi wala hailali. Ikipatikana inayopunguza vifo hivi kweli, kuitumia ni katika kuhifadhi nafsi, ambako ni moja ya makusudio makuu ya sharia.

Neno letu liko katika "kweli" hiyo. Kanuni tuliyofundishwa ni kuwa ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na ushahidi wa mtu wa kujivutia manufaa hautoshi. Taasisi ya RAND ya Marekani ilihesabu mwaka 2016 kuwa ili kuonyesha kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba magari haya hayaui kuliko madereva wa Marekani, yangepaswa kwenda maili milioni 275, yaani kilomita milioni 440 hivi, bila ya kifo hata kimoja. Mwaka 2025 watafiti wa kampuni ya Waymo walichapisha hesabu ya maili milioni 56.7, wakaripoti kuwa ajali za kujeruhi waenda kwa miguu zilikuwa pungufu kwa asilimia 92 kuliko za madereva binadamu. Ni habari njema, na wamefanya vyema kuweka takwimu wazi ili wengine wazipime. Lakini waandishi ni waajiriwa wa kampuni, na barabara ni za miji michache ya Marekani.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo kwa watu wa Ufipa. Mashine hujua ilichoonyeshwa. Hazina ya picha za KITTI, iliyotolewa mwaka 2012 na kutumiwa na watafiti wengi, ilikusanywa katika mji wa Karlsruhe, Ujerumani. Ile ya nuScenes ilikusanywa Boston na Singapore. Mwaka 2017 Volvo ilikiri kuwa mfumo wake wa kutambua wanyama ulichanganyikiwa na kangaruu wa Australia, kwa kuwa akiruka huonekana yuko mbali na akitua huonekana yuko karibu. Ikiwa kangaruu alitosha kuivuruga, tuulize mkokoteni wa maksai wenye rundo la majani ya maharage na mtoto aliyekaa juu utahesabiwa kuwa kitu gani. Watafiti wa King's College ya London na wenzao wa China walipima programu 8 za kutambua waenda kwa miguu, wakakuta kuwa watoto hukosa kutambuliwa zaidi ya watu wazima kwa tofauti ya karibu asilimia 20, na kwamba mwanga ukififia, wenye ngozi nyeusi huzidi kukosewa. Watoto wa Kate wanaotoka shuleni jioni wamekusanya sifa zote mbili.

Kuzuia kabla ya madhara nako kuna mlango wake, nao ni hisba. Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), ameeleza kuwa muhtasib huwazuia wenye majahazi kupakia kuliko uwezo wa chombo na kusafiri upepo unapochafuka. Hangojei wazame. Sisi tunajua gharama ya kungoja: tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikiwa kimejaa kupita kiasi, kilipinduka Ukerewe na kuua zaidi ya watu 220. Kile ambacho mizani ingekizuia, mazishi hayakukirudisha.

JIBU LETU KWA KIJANA

Kijana wetu wa Kate, jibu ni hili. Dia anadaiwa aliyeliendesha gari lile na kuchuma kwalo, pamoja na kila aliyezembea kwa kadiri ya uzembe wake. Mzee wetu, Allah amhifadhi, alishika hadithi sahihi, ila tunamwomba aangalie tena nani alikuwa pamoja na mnyama. Na mwalimu wetu ajue kuwa utafiti wa kuuliza gari limuue nani hautufai kabla ya kujibiwa maswali matatu: nani anadhamini, nani asiye na manufaa ameshuhudia usalama wake, na je, limejaribiwa katika njia kama zetu?

Magari haya hayajafika Ufipa. Abu Dhabi yalianza kuchukua abiria kupitia Uber na kampuni ya WeRide mwezi Desemba 2024, mwanzoni yakiwa na msimamizi ndani, na Dubai inataka ifikapo 2030 robo ya safari zake zijiendeshe. Jamaa zetu wanaishi na kufanya kazi huko, na vitu vya huko hatimaye huvuka bahari. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilitungwa kwa ajili ya gari lenye dereva. Kwa hiyo wakati wa kusema ni sasa, kabla ya maiti wa kwanza. Tunawaomba maimamu na wanafunzi wa fiqhi walizungumze jambo hili katika darsa zao, na wanazuoni waliotutangulia kwa elimu watusahihishe tulipokosea. Tunaona pia kuwa hakuna gari la namna hiyo linalostahili kibali kabla ya mwenyewe kuweka dhamana ya dia hapa nchini, ili yatima asilazimike kumfuata mdaiwa wake ng'ambo ya bahari.

Aya ya 36 ya Sura ya 17 inatufundisha kuwa masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Kamera ya gari huona lakini haitaulizwa. Atakayeulizwa ni aliyeifungua macho, akaiachia njiani, akageuka akaenda zake.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.